Otto Jespersen na Kirai Nomino cha Kiingereza: Maisha, Nadharia na Hukumu Yake juu ya Upatanisho wa Kibantu

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wanazuoni walioieleza sarufi ya Kiingereza kwa mapana na kwa kina, Otto Jespersen anashika nafasi ya pekee, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Denmark mwaka 1860, akafariki huko huko mwaka 1943, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika Chuo Kikuu cha Copenhagen. Kazi yake kuu, A Modern English Grammar on Historical Principles, yenye juzuu 7 zilizotolewa kati ya mwaka 1909 na 1949, ni hazina ambayo watafiti wa sintaksia ya Kiingereza hawajaacha kuirejea.

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili humkuta Jespersen katika mahali pawili panapoonekana kupingana. Kwanza, humkuta katika nadharia ya madaraja, ambayo inaeleza jinsi maneno ndani ya kirai nomino yanavyotegemeana. Pili, humkuta katika hukumu yake kwamba upatanisho wa kisarufi wa lugha za Kibantu ni mzigo ambao lugha zilizoendelea zimekwisha kuutua. Makala haya yanafuatilia maisha yake ili kuonyesha kwamba mambo hayo mawili yalitoka katika chemchemi moja, yaani shauku yake ya kuutetea muundo wa Kiingereza. Aidha, yanadai kwamba nadharia hiyo, ikitumiwa kwa uaminifu, inaitengua hukumu hiyo.

2.0 Kutoka Sheria hadi Lugha

Jespersen alizaliwa tarehe 16 Julai 1860 katika mji wa Randers, kwenye rasi ya Jutland, katika ukoo wa wanasheria. Baba yake alikuwa hakimu wa wilaya, na ilitazamiwa kwamba mtoto naye angefuata nyayo hizo. Alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 10, na mama yake naye akafariki miaka michache baadaye. Akiwa bado mwanafunzi wa shule alivutiwa na maandishi ya Rasmus Rask, mwanaisimu mashuhuri wa Denmark wa mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa msaada wa vitabu vya sarufi vya mwanazuoni huyo akaanza kujifundisha lugha kadhaa za kigeni peke yake.

Mwaka 1877 alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea sheria. Masomo hayo, ambayo kwa kiasi kikubwa yalimtaka mwanafunzi kukariri, hayakumridhisha, na mwaka 1881 aliyaacha na kugeukia lugha. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa kijana asiye na wazazi. Ili kujikimu alifanya kazi ya kunakili mijadala ya bunge kwa hatimkato na pia kazi ya ualimu. Mwaka 1887 alihitimu shahada ya uzamili, Kifaransa kikiwa somo lake kuu, na Kiingereza na Kilatini yakiwa masomo ya ziada.

Wakati huo mageuzi makubwa yalikuwa yakitokea katika ufundishaji wa lugha barani Ulaya. Walimu vijana walipinga desturi ya kufundisha lugha hai kana kwamba ni Kilatini, kwa orodha za maumbo na sentensi zisizo na maana. Jespersen aliingia katika vuguvugu hilo kwa nguvu zake zote. Mwaka 1886 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha mageuzi cha nchi za Skandinavia, pamoja na Mswidi J. A. Lundell na Mnorwei August Western. Mwaka huo huo alimwandikia Mfaransa Paul Passy akipendekeza alfabeti moja ya kifonetiki ya kutumika kwa lugha zote, pendekezo lililozaa Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa. Katika safari ya mwaka 1887 na 1888 alizuru Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, akakutana na Henry Sweet na Passy, na akahudhuria mihadhara ya Eduard Sievers na Karl Brugmann.

Mwalimu wake Vilhelm Thomsen ndiye aliyemshauri ajikite katika Kiingereza. Ushauri huo ulizaa matunda. Mwaka 1891 Jespersen aliitetea tasnifu yake ya udaktari kuhusu uhusika katika nomino na viwakilishi vya Kiingereza, na mwaka 1893 akashika kiti cha uprofesa wa Kiingereza kilichoachwa na George Stephens. Kiti hicho alikikalia hadi alipostaafu mwaka 1925.

3.0 Utetezi wa Lugha Iliyopoteza Viambishi

Ili kuelewa mawazo ya Jespersen kuhusu kirai nomino, ni lazima kukumbuka mjadala alioukuta. Wanaisimu wengi wa karne ya 19, August Schleicher akiwa mmoja wao, waliamini kwamba lugha za kale kama vile Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zilikuwa kilele cha ukamilifu kwa sababu ya wingi wa viambishi vyake. Kwa mtazamo huo, Kiingereza kilichopoteza karibu viambishi vyake vyote kilikuwa lugha iliyochakaa.

Jespersen aliupindua mtazamo huo. Katika kitabu chake Progress in Language cha mwaka 1894, kilichopanua sehemu ya tasnifu yake, alishikilia kwamba kupungua kwa viambishi ni maendeleo. Kwa hoja yake, lugha bora ni ile inayoeleza mengi kwa njia chache na nyepesi.

Mfano wake mkuu ulitoka katika kirai nomino. Katika Kiingereza cha kale, aliyetaka kusema ‘cha yule mtu mwema’ alilazimika kutia alama ya umilikishi katika kila neno la kirai: ‘þæs godan mannes’. Kibainishi, kivumishi na nomino vyote vilibadilika umbo. Katika Kiingereza cha leo alama ni moja tu, nayo hukaa mwishoni: ‘the good man's’. Zaidi ya hayo, alama hiyo haishikamani tena na nomino inayohusika, bali na kirai kizima. Katika ‘the king of Spain's horse’, mwenye farasi ni mfalme, walakini alama ya umilikishi imewekwa juu ya Hispania. Jespersen alilichunguza jambo hili kwa undani katika kitabu hicho. Wanasarufi mapokeo waliliona kuwa ni uzembe wa wasemaji. Yeye aliliona kuwa ni ushahidi kwamba wasemaji wa Kiingereza wamejifunza kukitazama kirai nomino kama kitu kimoja.

Hapo ndipo palipo na mbegu ya kazi yake yote ya baadaye. Swali lake halikuwa tena kila neno lina umbo gani, bali kila neno lina kazi gani ndani ya kundi lake.

4.0 Nadharia ya Madaraja

Jibu la swali hilo lilichukua miaka mingi kukomaa. Lilianza kuonekana katika maandishi yake ya Kidenmark mwaka 1913, likatumika katika juzuu ya pili ya sarufi yake kubwa mwaka 1914, na likaelezwa kikamilifu katika The Philosophy of Grammar mwaka 1924.

Kiini chake ni rahisi. Katika kirai ‘very strong coffee’, neno ‘coffee’ halitegemei jingine ndani ya kirai, kwa hiyo liko katika daraja la kwanza. Neno ‘strong’ linalifafanua la kwanza, nalo liko katika daraja la pili. Neno ‘very’ linalifafanua la pili, nalo liko katika daraja la tatu. Kirai cha Kiswahili ‘kahawa kali sana’ kina madaraja yale yale, ila mpangilio wake umegeuka: Kiingereza kinakwenda kutoka la tatu hadi la kwanza, Kiswahili kutoka la kwanza hadi la tatu. Kwa hiyo daraja si nafasi ya neno katika mfuatano, bali ni uhusiano wa kutegemeana.

Aidha, daraja si aina ya neno. Jespersen alisisitiza sana tofauti hii. Katika ‘stone wall’, yaani ukuta wa mawe, ‘stone’ ni nomino, lakini imekaa katika daraja la pili. Katika ‘the poor’, yaani maskini kwa jumla, kivumishi kimepanda hadi daraja la kwanza. Kishazi kizima nacho kinaweza kushika daraja lolote kati ya hayo. Kwa njia hii aliondoa mkanganyiko wa muda mrefu, ambapo wanasarufi walibishana iwapo ‘stone’ ni kivumishi au nomino pasipo kutambua kwamba walikuwa wakiuliza maswali mawili kwa wakati mmoja.

Jambo la pili katika nadharia hiyo ni kutofautisha aina mbili za mahusiano. Katika ‘the barking dog’, yaani mbwa anayebweka, maneno yameambatana kutaja kitu kimoja. Katika ‘the dog barks’, yaani mbwa anabweka, maneno hayo yamefungamana kutoa taarifa mpya. Uhusiano wa kwanza unaweza kuitwa mwambatano, na wa pili mfungamano. Madaraja ni yale yale, kwani mbwa yuko katika daraja la kwanza mara zote mbili na kubweka katika la pili, lakini mwambatano umetulia kama picha, ilhali mfungamano unakwenda kama tukio.

Tofauti hii ilimwezesha Jespersen kueleza jambo linalowahusu waandishi wote wa nathari rasmi. Mfungamano unaweza kukunjwa na kuwa kirai nomino. Sentensi ‘the farmers refused’ hugeuka kuwa ‘the farmers' refusal’, kama vile ‘wakulima walikataa’ inavyogeuka kuwa ‘kukataa kwa wakulima’. Kitenzi kimekuwa nomino ya daraja la kwanza, na watendaji wameshushwa hadi la pili. Kutoka hapo ni hatua moja tu kuwaondoa kabisa na kubaki na ‘the refusal’ peke yake, ambapo msomaji hajui tena ni nani aliyekataa. Jespersen alitambua kwamba uandishi unaorundika nomino za namna hii hupata sura ya kitaalamu, lakini hupoteza uhai na uwazi.

5.0 Vikumushi Bainishi na Neno la Kujazia

Jespersen hakuridhika na kupanga vikumushi kwa madaraja. Aliuliza pia vinafanya nini. Aliona kwamba vikumushi vingine vinabainisha na vingine vinaongeza maelezo tu. Mtu akisema ‘the industrious students passed’, yaani wanafunzi wenye bidii walifaulu, huenda anawatenga wenye bidii na wavivu. Yamkini pia anazungumzia kundi moja zima, na anawasifu kwa bidii yao. Umbo la kivumishi halionyeshi tofauti hiyo. Katika vishazi rejeshi Kiingereza cha maandishi hutumia mkato, na katika usemi hutumia pumziko na kiimbo. Katika kivumishi kilichotangulia nomino, msomaji hana budi kutegemea muktadha. Mwandishi asiyejua kwamba ameacha mlango huu wazi anaweza kueleweka kinyume cha alivyokusudia.

Mahali pengine palipomvutia ni neno ‘one’ linapotumika kushika nafasi ya nomino iliyokwisha kutajwa, kama katika ‘a gold ring and a silver one’. Kivumishi cha Kiingereza, kwa kuwa hakibebi alama ya ngeli wala idadi, kwa kawaida hakiwezi kusimama peke yake mahali pa nomino ya umoja. Huhitaji neno la kujazia nafasi ya daraja la kwanza. Jespersen aliufuatilia muundo huu kwa mifano mingi aliyoikusanya kutoka maandishi ya karne mbalimbali, na aliuona kuwa chombo chepesi ambacho lugha imejiundia. Muundo huu una umuhimu wa pekee katika sehemu inayofuata.

6.0 Upatanisho wa Kibantu mbele ya Nadharia ya Madaraja

Katika Progress in Language Jespersen alitenga sehemu kwa ajili ya lugha za Kibantu, akitegemea sarufi linganishi ya Wilhelm Bleek na hasa mifano yake ya Kizulu. Hoja hiyo aliirudia katika kitabu chake Language cha mwaka 1922. Aliona kwamba katika lugha hizi kiambishi cha nomino hurudiwa katika kila neno linalohusiana nayo, na akahitimisha kwamba marudio hayo ni alama ya hatua ya awali ya lugha, hatua ambayo Kiingereza kimekwisha kuipita.

Kwa mujibu wa mtazamo huo, sentensi ya Kiswahili ‘watu wetu wale wawili wazuri wamefika’ ingehesabiwa kuwa na alama moja iliyorudiwa mara 6 pasipo haja. La hasha. Hesabu hiyo inatazama maumbo tu, nayo inasahau swali ambalo Jespersen mwenyewe alilifundisha: kila umbo lina kazi gani?

Jibu linapatikana kwa kutumia madaraja. Upatanisho ni alama inayoonyesha ni nomino ipi iliyo katika daraja la kwanza kwa kila kikumushi. Kirai cha Kiingereza ‘the new teacher's book’ kina maana mbili: ama kitabu ni cha mwalimu mpya, ama ni toleo jipya la kitabu cha mwalimu. Maandishi hayasemi ‘new’ inategemea nomino ipi. Kiswahili hakina utata huo: ‘kitabu cha mwalimu mpya’ na ‘kitabu cha mwalimu kipya’ ni virai viwili tofauti, na kinachovitofautisha ni kiambishi cha upatanisho peke yake. Ni kweli kwamba nomino mbili zikiwa za ngeli moja utata hurudi, kama katika ‘kifuniko cha kikombe kizuri’. Lakini hilo linathibitisha tu kwamba palipo na ngeli mbili upatanisho unafanya kazi.

Ushahidi wa pili unatokana na neno la kujazia. Pale Kiingereza kinapolazimika kusema ‘a silver one’, Kiswahili husema ‘ya fedha’, basi. Hali kadhalika, aliyekwisha kutaja vikombe anaweza kusema ‘viwili vimevunjika’ na asikose kueleweka, kwani kiambishi vi- kimebeba daraja la kwanza hata baada ya nomino kuondoka. Kwa maneno mengine, Kiingereza kilipoutua mzigo wa upatanisho, kililazimika kutafuta neno jingine la kubeba sehemu ya mzigo huo huo. Jespersen alivieleza vyombo hivi viwili katika maandishi yake, kimoja kama maendeleo na kingine kama dalili ya uchanga, pasipo kuviweka kwenye mizani moja.

Kosa hili halikutokana na ukosefu wa bidii. Lilitokana na mambo mawili. Kwanza, alijadili upatanisho wa Kibantu kama mwenza wa upatanisho wa Kilatini na wa Kiingereza cha kale, lugha ambazo alikuwa akipigana na wafuasi wake barani Ulaya. Kibantu kiliingizwa kama shahidi katika kesi ambayo haikuwa yake. Pili, alishiriki dhana ya zama zake kwamba lugha zinaweza kupangwa kwenye ngazi moja ya maendeleo. Isimu ya karne ya 20 iliiacha dhana hiyo.

Msimamo wake dhidi ya upatanisho ulijitokeza pia nje ya uwanja wa historia ya lugha. Mwaka 1907 alikuwa mjumbe wa kamati iliyokutana Paris kuchagua lugha ya kimataifa ya kubuniwa. Kutokana na kazi hiyo ilitokea Ido, iliyofuta upatanisho wa kivumishi na nomino uliokuwamo katika Esperanto. Mwaka 1928 alitoa lugha aliyoibuni mwenyewe, Novial, na humo pia vivumishi havipatani na nomino.

7.0 Miaka ya Mwisho na Urithi Wake

Umaarufu wa Jespersen ulivuka mipaka ya nchi yake ndogo. Alizuru Marekani mwaka 1904, na mwaka 1909 hadi 1910 alifundisha huko kama profesa mgeni, hasa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kitabu chake Growth and Structure of the English Language cha mwaka 1905 kilipata tuzo ya Volney nchini Ufaransa. Mwaka 1920 hadi 1921 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Baada ya kustaafu hakupumzika: mwaka 1933 alitoa Essentials of English Grammar kwa ajili ya wanafunzi, na mwaka 1937 Analytic Syntax, ambamo tarakimu 1, 2 na 3 zinatumika kuandikia madaraja kama mwanahisabati anavyoandika fomula. Mwaka 1938 alichapisha tawasifu yake kwa Kidenmark.

Mwezi Aprili 1940 Ujerumani iliivamia na kuikalia Denmark. Mzee huyo, ambaye sasa alikuwa na umri wa karibu miaka 80, aliendelea na sarufi yake kwa msaada wa wanafunzi na wenzake. Juzuu ya tano ilitoka mwaka 1940 na ya sita mwaka 1942. Alifariki tarehe 30 Aprili 1943 huko Roskilde, kabla ya nchi yake kukombolewa. Juzuu ya saba ilikamilishwa na Niels Haislund na kutolewa mwaka 1949.

Istilahi zake nyingi hazikudumu, lakini wazo lake lilidumu. Wanamuundo wa Marekani walizungumzia neno kuu na vikumushi vyake. Sarufi zalishi, kuanzia miaka ya 1970, ilikipa kirai ngazi za ndani zinazozunguka neno kuu. Na Noam Chomsky alimtaja Jespersen kwa heshima kama mtangulizi aliyetambua kwamba msemaji ana dhana ya muundo akilini mwake. Hata pale wanaisimu walipohoji, kuanzia miaka ya 1980, iwapo neno kuu la kirai ni nomino au ni kibainishi, swali lililoulizwa lilikuwa swali la Jespersen: ni nini kinachotegemea nini?

8.0 Hitimisho

Maisha ya Jespersen yanaonyesha mwanazuoni aliyeiacha kazi ya ukoo wake, akaisoma lugha ya kigeni hadi wenyeji wake wakamfanya mwalimu wao, na akawafundisha kukitazama kirai nomino kama mpango wa mahusiano badala ya gwaride la maumbo. Yanaonyesha pia kwamba mtu anaweza kuunda mizani iliyo sawa na akasahau kupimia kila kitu kwa mizani hiyo. Kwa watafiti wa Kiswahili, kumkataa kwa sababu ya hukumu yake kuhusu Kibantu kungekuwa hasara, na kumpokea pasipo kuipima hukumu hiyo kungekuwa utumwa wa mawazo. Kazi iliyobaki ni kuyatumia madaraja yake katika virai nomino virefu vya Kiswahili, vyenye nomino mbili au tatu za ngeli tofauti, na kuchunguza kwa data za maandishi na za mazungumzo ni wapi upatanisho unabeba maana peke yake na ni wapi unashirikiana na mpangilio wa maneno. Uchunguzi huo ndio utakaoonyesha uzito halisi wa alama ambayo Jespersen aliihesabu kuwa mzigo.